Bakapu inasumbua? Soma hapa kabla hujaifanya diski kuwa ghafi

Kijana mmoja wa Ujiji alinipigia simu Jumamosi saa tatu usiku, vidole vikiwa tayari kwenye kibodi. Shikamoo ilimtoka mbiombio, kisha akamwaga yote: "Kaka, bakapu ya ofisi inakwenda megabaiti 11 tu kwa sekunde. Nataka niifute hii ext4, diski niiache ghafi, programu iandike yenyewe moja kwa moja. Si ndiyo ina kasi zaidi?"

Nilimuuliza swali moja: taa ya swichi kwenye tundu la seva ina rangi gani? Akaenda kuangalia. Ya chungwa, na matundu ya jirani yote ni ya kijani. Nikamwambia aiache diski kama ilivyo, atafute waya mwingine wa mtandao.

Ile 11 ilikuwa imeshajieleza. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, ukigawa kwa nane, unakupa 12.5, ukitoa gharama za usafirishaji unabaki na 11 na ushee. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya zifanye kazi. Jozi moja ikikatika, kadi na swichi mara nyingi hukubaliana zenyewe kushuka hadi 100, na hakuna anayeambiwa. Waya wa yule kijana ulikuwa umebanwa na bawaba ya mlango, labda kwa miezi.

Ninaowaona wakihama kutoka mfumo wa faili, kama hiyo ext4 yake, kwenda volyumu ghafi, wengi wanakimbia tatizo ambalo halikai kwenye mfumo wa faili. Wanavuka na mzigo wao ule ule kichwani, na ng'ambo wanaongezewa mwingine. Kwa hiyo hapa nafuata dalili kwanza. Kuchagua aina ya hifadhi kutakuja kwenyewe.

Tofauti yenyewe, kwa kifupi

Volyumu ghafi ni diski, au kipande chake, ambacho programu ya bakapu imekabidhiwa kikiwa kitupu: hakuna folda, hakuna majina ya mafaili, hakijafomatiwa. Programu peke yake ndiyo inayojua eneo fulani limebeba nini. Mfumo wa faili wenye daftari, kama ext4, XFS, JFS au NTFS, unaweka majina na mpangilio ambao mashine yoyote inayoujua inaweza kuusoma, na kabla haujagusa mpangilio huo unaandika kwanza pembeni unachotaka kufanya. Mwenye duka anayeandika mkopo kwenye daftari kabla hajapima sukari anafanya hivyo hivyo: taa zikizimika katikati, akiwasha tochi anajua aliishia wapi.

Zamani ghafi ilikuwa na hoja nzito. Mfumo usio na daftari kama ext2, umeme ukikatika, ulilazimu diski nzima ikaguliwe kabla haijatumika tena, na kwa diski kubwa hilo lilikuwa jambo la kukaa na kusubiri hadi chai ipoe mara tatu. Kisha IBM ikaleta JFS kwenye mfumo wake wa AIX mwaka 1990, SGI ikatoa XFS kwa mfumo wake wa IRIX mwaka 1994, Linux ikapata ext3 mwaka 2001, na ext4 ikahesabiwa imekomaa mwaka 2008. Hoja ya ukaguzi ikaishia hapo. Ikabaki ile ya kwamba data inakaa kwenye keshi (hifadhi ya muda ndani ya RAM) mara mbili, ya programu na ya mfumo. Nayo ikapungua nguvu baada ya programu kuanza kuandika kwenye mafaili kwa njia ya O_DIRECT, inayoruka keshi ya mfumo. Oracle iliacha kuhudumia mafaili ya hifadhidata yaliyowekwa moja kwa moja kwenye diski ghafi kuanzia toleo la 12c, mwaka 2013. Linux yenyewe ilikiondoa kiendeshi chake cha zamani cha vifaa ghafi kwenye toleo 5.14, mwaka 2021. Kilichobaki ni kuifungua diski kwa O_DIRECT.

Ukikutana na maelezo yanayosifia kasi ya ghafi, tazama kwanza yaliandikwa mwaka gani.

Dalili: bakapu inakwenda polepole

Anza na namba, na uisome namba kabla hujagusa kitu. Ikiwa imeganda kwenye 11 au 12, ni mtandao, kama nilivyosema. Ikicheza kati ya 30 na 40, angalia kama diski ya nje imechomekwa kwenye tundu la USB 2.0, maana huo ndio uwezo wake halisi hata kama boksi limeandikwa gigabiti kadhaa. Ikigota kwenye 110 hivi, hongera: mtandao wako wa gigabiti umejaa, na diski ghafi haitakuongezea hata megabaiti moja.

Ikianza kwa 400 halafu baada ya dakika moja ikaporomoka hadi 90, hakuna kilichoharibika. Mwanzoni ulikuwa unaandika kwenye RAM. Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, inaruhusu takriban asilimia 20 ya kumbukumbu iliyo huru kushika data ambayo bado haijafika kwenye diski. Ikifika hapo inambana mwandishi asubiri diski. Ile 90 ndiyo kasi ya diski yako. Ile 400 ilikuwa ahadi tu.

Ikianza kwa 150, ikakaa hivyo nusu saa, kisha ikashuka hadi 20 au chini yake na kupanda na kushuka kama boti ya Kibirizi siku ya upepo, shuku diski ya SMR. Diski nyingi za bei nafuu, hasa za kubeba mkononi, hupanga mistari ya data ikilaliana kama mabati ya paa. Ukitaka kubadilisha bati la chini unalazimika kuinua na ya juu yake. Diski huficha usumbufu huo kwa kuwa na eneo dogo la kupokelea haraka. Eneo likijaa, ukweli unatoka. Hapa watu ndipo wanapoapa kwamba ghafi imewasaidia, kwa sababu kuandika mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho kunaipendeza SMR. Lakini programu ya bakapu haiandiki hivyo milele. Ikianza kufuta bakapu za zamani na kujaza mapengo, unarudi pale pale. Dawa ni diski ya aina nyingine.

Ukishaondoa hayo yote, ndipo upime kama mfumo wa faili una hatia. Andika faili kubwa bila keshi:

`dd if=/dev/zero of=/bakapu/jaribio bs=1M count=8192 oflag=direct`

Kisha soma diski yenyewe, ghafi, bila kuandika chochote:

`dd if=/dev/sdb of=/dev/null bs=1M count=8192 iflag=direct`

Kwenye amri ya pili hakikisha mara mbili kwamba `if` ndiyo diski na `of` ndiyo `/dev/null`. Ukizigeuza utakuwa na tatizo jingine kabisa. Kumbuka pia kwamba diski ya kuzunguka ina kasi zaidi mwanzoni, kwenye ukingo wa nje, na mwishoni hushuka hadi karibu nusu. Mtu akipima ghafi kwenye diski tupu na kuilinganisha na ext4 iliyojaa asilimia 90, analinganisha sehemu mbili za diski, ghafi na ext4 hazimo kwenye kipimo hicho. Na kama hifadhi yako ina ubanaji wa data, kama ZFS, sifuri tupu zitakudanganya kwa kukupa kasi ya ajabu.

Kwenye seva ninazohudumia hapa mjini, mafaili makubwa yakiandikwa mfululizo, pengo kati ya namba hizo mbili limekuwa dogo kiasi kwamba siwezi kulitofautisha na kelele za kipimo. Sijawahi kufomati kitu kwa sababu yake.

Pengo kubwa nimeliona penye mafaili madogo. Ofisi iliyo na miaka ya risiti zilizoskaniwa, kila moja kilobaiti 60, ikizinakili moja moja kwenda kwenye ext4, kila faili linadai jina, ingizo la folda, na mstari wa daftari. Ni kumhesabia mteja dagaa mmoja mmoja badala ya kumpimia kisado. Tumia programu inayoyafunga ndani ya faili moja kubwa, au yafunge mwenyewe kwa `tar` yakiwa njiani, na lile lililoonekana kuwa kosa la mfumo wa faili linatoweka. Ghafi ingekupa kisado hicho hicho, kwa sababu programu inayoandika ghafi inalazimika kufunga.

Dalili: umeme umekatika, na sasa bakapu haisomeki

Tuliokulia Kigoma ya majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya taifa, hatuhitaji kuelezwa kukatika kwa umeme. Lakini hata mafundi wazoefu huwa wanaamini daftari linalinda kila kitu, na hapo ndipo wanaposhangaa.

Kwa kawaida daftari la ext4 linalinda mpangilio: faili lipi liko wapi, eneo lipi limeshikwa na lipi liko huru. Yaliyomo ndani ya faili hayapiti kwenye daftari, isipokuwa uliwashe kwa `data=journal`, na ukifanya hivyo kila baiti inaandikwa mara mbili. Zaidi ya hapo, ext4 hufunga hesabu zake kila sekunde 5 kwa mpangilio wa kawaida, na huchelewesha kuamua faili litakaa wapi. Kwa hiyo baada ya kukatika, mfumo unawaka vizuri, ukurasa wa `dmesg`, yaani ujumbe wa kiini cha Linux, unasema `recovery complete`, na bakapu iliyokuwa ikiandikwa wakati ule ina urefu pungufu, au ina sifuri baiti. Hilo halihesabiki kama hitilafu. Faili la jana lipo salama. La leo lifute uanze upya. Programu nzuri huliandika kwa jina la muda, hulilazimisha lifike kwenye diski, kisha ndipo hulipa jina la kudumu. Ukikuta mafaili yenye kiambishi kama `.tmp` au `.part`, usiyape jina zuri kwa mkono.

Kwa volyumu ghafi hadithi ni nyingine. Hakuna daftari la mfumo. Kuna kumbukumbu za programu yenyewe, ambazo kwa kawaida zinakaa kwenye hifadhidata yake, ambayo nayo inakaa kwenye mfumo wa faili wa diski nyingine. Umeme ukirudi, volyumu inaweza kuwa nzima kabisa na bado usiweze kusoma hata herufi moja, kwa sababu kumbukumbu hizo, yaani katalogi, ndizo zilizoumia. Ukichagua ghafi, bakapu ya katalogi ndiyo bakapu yako ya kwanza, na isikae kwenye seva hiyo hiyo.

Mfumo wa faili ukijigeuza wa kusoma tu, watu husema "ext4 imekufa". Haijafa, imekataa kuendelea kuandika juu ya kitu isichokiamini. Tafuta kwenye `dmesg` mistari ya `I/O error`, kisha `smartctl -a` uangalie sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Namba hizo zikiwa zinapanda, usikimbilie `fsck`. Ukarabati unaandika, na kuandika kwenye diski inayokufa ni kuimalizia. Inakili kwanza kwa `ddrescue` kwenda diski nzima, ukarabati ufanyie kwenye nakala. Kwa XFS, `fsck` ya kawaida haifanyi lolote. Kazi ni ya `xfs_repair`, na kabla yake jaribu kuimaunti, yaani kuipachika kwenye folda, mara moja ili daftari lijisome lenyewe. Ikikudai utumie `-L`, jua inakuomba ruhusa ya kulichana daftari. Hiyo huwa ya mwisho kabisa.

Na kuna boksi za USB, pamoja na kadi za RAID (zinazounganisha diski kadhaa) ambazo betri yake imekufa, zinazojibu "nimeandika" huku data ingali kwenye keshi. Hapo daftari na ghafi vyote vinadanganywa sawasawa. UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, ni sehemu ya hifadhi ya bakapu, siyo pambo la chini ya meza. Iunganishwe na seva kwa waya wake wa USB, programu kama NUT izime seva kistaarabu chaji ikishuka, na betri ipimwe. Betri za risasi zilizofungiwa huzeeka haraka kwenye joto: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri unapungua kwa takriban nusu. Chumba cha seva kisicho na dirisha huku kwetu, mwezi wa Septemba, fanya hesabu mwenyewe.

Dalili: diski inaonekana haina kitu

Hii ndiyo iliyonifanya niwe na msimamo nilio nao.

Ofisi moja ilikuwa na diski ya terabaiti 4 iliyokabidhiwa nzima kwa LVM, programu ya Linux ya kugawa diski katika volyumu, bila patisheni, na juu yake volyumu ghafi za programu ya bakapu. Ilifanya kazi miaka miwili bila malalamiko. Aliyeijenga akahamia Kasulu. Akaja kijana wa fildi, mwerevu na mwenye bidii, akatumwa na bosi atafute diski ya kuhamishia picha za semina. Akaiona ile diski, akaichomeka kwenye laptopu ya Windows, na Windows ikamwambia kwa upole kwamba diski hii haijaandaliwa, je, iandaliwe? Chaguo la GPT, aina ya jedwali la patisheni, lilikuwa limeshatiwa alama. Akabonyeza sawa.

Si mzembe. Alichokiona ndicho ambacho kila laptopu ya Windows ingekiona: diski tupu.

Alinipigia kabla hajafomati, kwa sababu ukubwa ulimtia shaka. Mama mhasibu alikuwa amekaa pembeni kimya, kalamu mkononi, anaandika tarehe za miezi ambayo vitabu vyake havikuwa na nakala nyingine. Kilichotuokoa ni mahali LVM inapoweka vitu. Jedwali la GPT lilikuwa limelala kwenye sekta 34 za mwanzo na 33 za mwisho. Lebo ya LVM iko kwenye sekta ya pili tangu mwanzo, kwa hiyo ilikuwa imefutika, pamoja na mwanzo wa eneo la maelezo yake. Lakini data yenyewe, kwa mpangilio wa kawaida, huanza baada ya megabaiti 1. Haikuguswa. Na seva ilikuwa bado na nakala ya maelezo kwenye `/etc/lvm/backup`. Tukanakili diski nzima kwanza, usiku kucha. Asubuhi, kwenye nakala, tukarudisha lebo kwa `pvcreate` yenye `--uuid` ile ile ya zamani na `--restorefile`, kisha `vgcfgrestore`. Volyumu zikarudi na majina yao.

Angefomati, hata ile ya haraka, nisingekuwa na hadithi hii ya kusimulia kwa utulivu.

Diski ile ile ingekuwa na ext4 ndani ya patisheni, Windows bado isingeisoma na pengine ingetaka kuifomati. Lakini mtu yeyote mwenye Linux, hata ya kuwashia kwenye flashi, angeimaunti na kuona folda zilizoandikwa tarehe na majina ya idara. Ghafi haina cha kumwonyesha mgeni.

Kama ni lazima iwe ghafi, basi angalau tengeneza patisheni inayosema kuna kitu humo, na ndani yake LVM yenye majina yanayosomeka, kwa mfano `bakapu_uhasibu_01`. Usiipe programu `/dev/sdb`. Majina hayo hugawiwa kwa mpangilio diski zinavyogunduliwa. Acha flashi imechomekwa siku seva inawashwa upya na jana yako `sdb` leo ni `sdc`. Mfumo wa faili unajikinga na hilo kwa UUID, namba yake ya utambulisho, kwenye `fstab`. Ghafi inakinga kwa njia za `/dev/disk/by-id` au jina la LVM, na ni wewe wa kukumbuka. Kisha bandika karatasi kwenye diski. Kalamu ya wino mzito, maneno makubwa: INA DATA, USIANDAE, USIFOMATI. Unyevu wa ziwa hung'oa gundi, tumia na soltepu.

Dalili: diski ya mfumo imejaa, ya bakapu imebaki tupu

Huu sasa ni udhaifu wa mfumo wa faili ambao ghafi haiujui, na haki lazima itendeke. Diski ya bakapu imeshindwa kujimaunti alfajiri, labda USB ililegea. Folda ya `/bakapu` bado ipo, ila sasa ni folda ya kawaida kwenye diski ya mfumo. Programu haijui, inaandika humo mpaka diski ya mfumo inafurika na seva yote inasimama. Ukija kumaunti tena, bakapu ya usiku ule "inapotea": imefunikwa chini ya diski iliyopachikwa juu yake.

Weka kwenye skripti, kabla ya kazi kuanza, `mountpoint -q /bakapu || exit 1`. Na diski ikiwa haijamauntiwa, ifunge ile folda tupu kwa `chattr +i /bakapu`, ili hata mwenye mamlaka yote asiweze kuandika ndani yake kwa bahati mbaya. Dakika mbili, na hutasikia tena dalili hii.

Kwa volyumu ghafi, diski isipokuwepo, programu inapiga kelele papo hapo. Nawapa alama hiyo.

Dalili: inasema imejaa, na hesabu zinakataa

Ujumbe ni `No space left on device`, `df -h` inaonyesha gigabaiti 300 zipo. Endesha `df -i`. Ext4 hupanga idadi ya inodi, yaani ingizo moja la maelezo kwa kila faili, siku ya kufomati, kwa kawaida moja kwa kila kilobaiti 16, na baada ya hapo haiongezeki usipoikuza yenyewe. Ukiwa na mamilioni ya mafaili madogo unamaliza inodi kabla ya nafasi. XFS hutengeneza inodi kadiri inavyohitaji, ila nayo ukishaikuza huwezi kuipunguza ukubwa. Wapo waliolia kwa kila upande.

Ukikosa nafasi ilhali inodi bado ni nyingi, kumbuka ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu. Kwa diski ya terabaiti 4 hiyo ni gigabaiti 200. Kwenye diski ya bakapu tupu, isiyobeba mfumo, `tune2fs -m 1` inakurudishia nyingi kati ya hizo, bila kuzima chochote. Na kama umefuta mafaili makubwa na nafasi haikurudi, kuna programu imeyashikilia wazi. Amri ya `lsof +L1` itaitaja.

Ghafi haina mambo haya. Ikijaa imejaa.

Dalili: bakapu zote zimekamilika, kurejesha kunashindikana

Hapa uchaguzi wa hifadhi hausaidii sana, na sitaki kukupotezea muda. Ext4 wala XFS hazikagui kama yaliyomo kwenye faili yamebadilika baiti moja. Ghafi pia haikagui. Kinachokagua ni programu ya bakapu kama ina hesabu za uhakiki, au mfumo wa aina ya ZFS na Btrfs. Kama programu yako haina, tunza `sha256sum` ya kila faili mahali pengine. Kila mwezi rejesha kitu kimoja kwenye mashine nyingine kabisa, ukifungue, ukisome kwa macho.

Kurejesha kukifaulu ila kwa mwendo wa kobe, kazi kadhaa huenda ziliandika kwa pamoja kwenye mafaili yaliyokuwa yakikua polepole, vipande vikachanganyikana diski nzima. `filefrag` itakuonyesha idadi ya vipande. Iambie programu itenge faili lote kwa ukubwa wake tangu mwanzo. Wenye ghafi hupata faida hiyo bure, maana volyumu ilishatengwa.

Basi nichague ipi?

Kwangu mimi, seva ya bakapu ya ofisi, zahanati, duka la jumla au shule hapa Kigoma inapata mfumo wa faili wenye daftari: XFS kama mafaili ni makubwa au hayahesabiki, ext4 kama mwenye seva ndiye ataihudumia mwenyewe na ameshaizoea. Sababu yangu kubwa ni umbali. Diski ya ubora mara nyingi inaagizwa Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli, na fundi anayeijua programu yako mahususi huenda yuko huko huko. Siku mambo yakiharibika, mtu wa karibu mwenye flashi ya Linux awe anaweza kuona mafaili.

Ghafi naikubali kwa masharti. Programu yenyewe iipendekeze kwa maandishi ya toleo unalotumia leo. Pawe na eneo la kupokelea tu, ambapo data inakaa siku moja kabla ya kuhamishiwa kwenye tepu au diski nyingine, ili likifutika upoteze usiku mmoja. Au diski inatolewa kwa mtandao kwa iSCSI, na mfumo wa faili unawekwa na mashine ya upande wa pili. Hapo daftari juu ya daftari ni mzigo wa bure. Watu wa tepu watanicheka, kwa sababu tepu ni ghafi tangu kuzaliwa kwake na haijawahi kumsumbua mtu. Ni kweli. Lakini hakuna kijana wa fildi anayeweza kuchomeka tepu kwenye laptopu.

Ukiwa umepitia dalili zote na bado umekwama, kabla hujampigia mtu simu saa tatu usiku, kusanya haya:

`lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MOUNTPOINT,MODEL,SERIAL`
`df -h` na `df -i`
`dmesg | tail -n 100`
`smartctl -a` ya diski husika
`ethtool` ya kadi ya mtandao, mstari wa `Speed`

Na picha ya taa za swichi.